Mpira wa Kuwashia Kuni

Mke wangu alizaliwa nchi kavu ya Mbeere, upande wa Kiambere, ambako kuni hukaa juani mpaka ukizigonganisha zinalia kama vyuma. Kwao mtu huwasha jiko kwa kijiti kimoja cha kibiriti na kugeukia kazi nyingine. Mimi nilimleta huku kwetu juu, Meru ya majani chai na ukungu, ambako kuni hukaa darini msimu mzima na bado ukizibonyeza kwa ukucha zinatoa maji. Asubuhi yake ya kwanza jikoni kwa mama yangu alimaliza karibu kibiriti kizima. Mama alisimama mlangoni akamtazama, kisha akasema nami, si naye.

"Umetuletea msichana asiyejua moto."

Mke wangu alikuwa amepiga magoti, macho mekundu. Hakugeuka. "Moto naujua, mama," alisema. "Kuni zenu ndizo sizijui. Hizi ni za kunywa, si za kuchoma."

Mama alicheka mpaka akashika mhimili wa mlango. Tangu siku ile walipatana, na utani huo ukabaki nyumbani kwetu miaka yote. Mgeni akichelewa kupewa chai aliambiwa, "Ngoja kidogo, bado tunakunywa kuni."

Naandika haya kwa sababu ya kifua chake. Kilikuja huku kizima. Kiliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama kanisani, na kikajifunza kupuliza kuni zetu mbichi mpaka zikakubali. Mimi ndiye niliyekiharibu, kwa kitu nilichodhani ni zawadi. Nimezeeka sasa. Nimewahi kutafuta mtu mwingine wa kumlaumu, na sikumpata.

Nilimaliza kidato cha nne, na baada ya kuzungukazunguka nikapata kazi ya ufundi katika kiwanda cha majani chai, umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Kwa miaka mingi stoo ya kiwanda ilitumia foklifti ya dizeli, lile gari lenye vyuma viwili mbele vya kunyanyulia mizigo. Baadaye zikaletwa za umeme. Sababu tuliambiwa na msimamizi wa stoo, mtu wa Embu mwenye pua kali kuliko mbwa wa kuwindia.

"Chai ni kama mtoto mchanga," alisema. "Inashika harufu ya kila anayeibeba. Moshi wa dizeli ukiingia humu leo, mtu ataunywa kwenye kikombe mwaka ujao."

Kazi yangu ikawa kuzitunza foklifti hizo, na sehemu kubwa ya kuzitunza ni matairi. Watu hudhani gari la umeme halina shida. Betri yake peke yake ina uzito wa ng'ombe kadhaa, juu yake kuna mzigo, na vyote hivyo vinabebwa na matairi madogo ambayo ukiyaona utadhani ni ya mkokoteni. Hayana upepo ndani. Ni mpira mtupu, mgumu, ulioshindiliwa kwenye rimu ya chuma. Hayapati pancha, lakini huliwa, hasa yale mawili ya mbele, maana ndiyo yanayozungushwa na mota na ndiyo yanayokaa chini ya mzigo. Dereva akikata kona papo kwa papo, mpira unabaki sakafuni. Akikanyaga msumari wa paleti, zile mbao za kupangia mizigo, au utepe wa chuma, kipande kinachomoka kama tonge la ugali. Na gari likiachwa limesimama na mzigo wikendi nzima, tairi hupata ubapa upande wa chini, na Jumatatu linatembea likichechemea.

Kila asubuhi, kabla ya madereva kuanza, nilizunguka na tochi na kitambaa chenye maji ya sabuni. Nilichomoa vijiwe na vyuma vilivyojichoma ndani. Nilifuta mafuta, maana mafuta hulainisha mpira ukawa kama nyama iliyoiva kupita kiasi. Nilitazama mstari ulio ubavuni mwa tairi. Mpira ukiisha kufikia mstari ule, hakuna mjadala, tairi linatoka. Na lile la upande wa pili linatoka pia, hata kama bado lina nguvu, kwa sababu gari likiwa na mguu mmoja mfupi, mzigo ulioinuliwa juu huegemea upande na siku moja humwangukia mtu.

Siku ya kubadilisha niliipenda, sitaficha. Nilishusha vile vyuma mpaka sakafuni, nikachomoa plagi ya betri, nikaweka kabari nyuma ya magurudumu. Nati nililegeza gari likiwa bado limesimama chini. Kisha jeki, kisha magogo ya mti mgumu, kwa maana jeki si kitu cha kulala chini yake. Gurudumu nililiviringisha hadi kwenye mashine ya kushindilia iliyokuwa karakana, mpira wa zamani ukatoka ukikoroma, na mpya ukaingia na sauti kama ya mtu mnene anayekaa kitini. Mwisho, nati zinakazwa kwa kuvukana, hii kisha inayoielekea ng'ambo, si kwa kufuatana, na kesho yake baada ya kazi zinakazwa tena. Nilikuwa mwangalifu sana. Katika miaka yangu yote hakuna tairi langu lililoanguka wala mzigo uliomwumiza mtu. Mambo hayo nayataja kwa sababu uangalifu nilikuwa nao. Niliutumia wote kule na nikarudi nyumbani bila hata chembe.

Mpira wa zamani haukuwa na mwenyewe. Ulirundikwa nyuma ya karakana ukiota kuvu. Mwaka mmoja mvua za Aprili zilinyesha bila kupumua, na nilimkuta mke wangu jikoni amepiga magoti kama ile asubuhi ya kwanza, mtoto wetu wa kike analia njaa, moto umekataa. Siku iliyofuata nilikata kipande cha tairi kwa msumeno, nikimwagia maji ya sabuni ili meno yasikwame, nikakipasua vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Nikaviweka mfukoni mwa koti.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Weka chini ya kuni uone."

Aliweka kimoja. Alikiwasha, kikatoa moto mzito wa rangi ya chungwa, mrefu, usiozimika hata ukimwagiwa maji. Kuni zililia, zikatema povu kwenye ncha, zikawaka. Alikaa chini kwa mshangao na kunitazama jinsi ambavyo hakuwahi kunitazama, hata siku ya harusi.

"Hata kwetu hauwaki hivi," alisema.

Mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa akitembelea fimbo, alisogea akaota moto ule na kusema, "Sasa nimeona faida ya kukupeleka shule."

Basi nikawa naleta. Kila nilipobadilisha matairi nilikata na kupasua, na gunia la vipande likawa halikosi katika kibanda kilichoshikana na jikoni. Wanawake wa jirani walikuja na visahani, kama watu wanaokuja kuomba chumvi, naye akawagawia. Waliniita fundi wa moto. Nilipopita njiani niliona moshi mweusi ukitoka kwenye mapaa ya majirani saa moja asubuhi, mweusi kati ya ukungu mweupe, nikajua ni wangu, na nilijisikia mtu.

Jikoni kwetu ni kwa mbao, kuna dirisha dogo la kutosha paka. Masizi ya zamani ya kuni yalikuwa ya kahawia na magumu. Haya mapya yalikuwa meusi na laini, yakining'inia darini kama nyuzi, na ukiyagusa yanabaki mkononi kama unga. Niliyaona. Mtu anayeangalia mstari kwenye tairi kila asubuhi kwa tochi hawezi kusema hakuona masizi.

Kuna jambo jingine nililoliona. Msimamizi wa stoo alinisimamisha mlangoni asubuhi moja, akainua pua.

"Fundi, umechoma nini?"

"Sijachoma kitu."

"Koti lako limechoma. Linanuka tairi. Ukiingia nalo, hii chai yote itauzwa kama raba."

Madereva walicheka. Mmoja akasema, "Mwache, bosi, hayo ndiyo manukato yake." Lakini msimamizi hakuwa na mzaha. Alipigilia msumari kwenye ukuta wa nje, chini ya upenu, na kuniambia nitundike koti pale kila siku kabla ya kuingia. Nikatii. Kwa miaka yote iliyobaki nilivua koti nje ili chai isivute harufu yake, na jioni nikalivaa na kwenda nyumbani kwa mke wangu. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili mahali pamoja kichwani. Ama niliyaweka, nikayatenganisha haraka.

Alianza kukohoa asubuhi, kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Kisha kikawa cha mchana pia. Kwenye kwaya alihama sauti ya kwanza akaenda ya pili, akasema sauti ya kwanza ni ya wasichana. Baadaye akawa anasimama tu na wenzake, anafungua kinywa, na mimi niliyekaa upande wa wanaume nilijua hakuna kinachotoka. Kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe alipumzika mara moja, kisha mara mbili, kisha akaacha kubeba.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwekea chombo mgongoni, akamwambia avute pumzi, akasikiliza kwa muda mrefu sana. Kisha akauliza, akimtazama yeye, "Nyumbani mnapikia nini, mama?"

Nikajibu mimi. "Kuni tu, daktari. Kama watu wote."

"Kuni tu?"

"Kuni tu."

Mke wangu aliangalia mikono yake. Daktari akaandika. Akatupa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akatuambia tuongeze dirisha jikoni, na ikiwezekana tuache kuni. Sikudanganya kwa sababu ya kuogopa adhabu. Hakuna aliyekuwa akinitishia. Niliona tu haya mbele ya koti lile jeupe, haya ya mtu aliyeitwa fundi wa moto.

Tulipotoka langoni nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Wewe ulikuwa umeshajibu," alisema.

"Ungeniambia nimekosea."

"Mbele ya mtoto yule? Nikushtaki kwa daktari, kisha nirudi na wewe nyumba moja?" Alipumzika kidogo, akashika uzio. "Na wewe uliuleta kwa wema. Hilo nalijua."

Ingekuwa rahisi kwangu leo kama angenilaumu.

Niliacha kuleta mpira. Nilipanua dirisha pia, kwa mikono yangu. Lakini mvua zilipoanza tena nilimkuta amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza, na pumzi haifiki. Inatoka kinywani inaishia njiani. Kuni zilikaa zikimtazama. Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wote wa kitu nilichokifanya. Mwanamke mwenye kifua kizima angeweza kupuliza kuni mbichi mpaka ziwake. Mpira ulikuwa umekula kifua hicho, na sasa bila kifua hakuna njia ya kuwasha ila kwa mpira.

"Leta tu," aliniambia bila kuinua uso. "Leta kile kidogo. Watu wapate kula."

Nikaleta. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimeanza kutumia matairi ya kijivu, yasiyoacha alama nyeusi sakafuni. Alipoviona vipande hivyo alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Siku hizi mnaleta majivu kabla ya moto," alisema. Viliwaka vilevile.

Binti yetu ana duka dogo Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi. Alikuja siku moja na mtungi wa gesi na jiko lake, kavibeba kwenye pikipiki. Aliingia jikoni, akatazama dari, akatoka na masizi kwenye kitambaa cha kichwa.

"Baba, hapa mama haponi," alisema. "Huko Nchiru hata mwanafunzi asiye na kitanda ana gesi. Kuanzia leo ni hii."

"Ya chai, sawa," nilimwambia. "Lakini githeri ya gesi haina ladha, na mtungi utaisha kabla mahindi hayajaiva."

"Basi uile bila ladha."

"Wewe unajua githeri gani? Unalisha watu mandazi."

Mama yake alicheka, nami nikajiona nimeshinda. Gesi ikawa ya chai na ya wageni. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemka nusu siku, iliendelea kwenye mafiga, kwa sababu mimi nilipenda ladha ya moshi. Mstari huo nimeuandika na kuusoma tena, nami nauacha ulivyo.

Mwishowe ni dada mdogo wa mke wangu aliyemchukua. Alipanda kutoka Kiambere kuja kumsalimu, akakaa nasi siku chache za ukungu, na asubuhi ya kuondoka akaniambia nje, akiwa na mkoba wake tayari, "Shemeji, nampeleka nyumbani kidogo. Huku kwenu hewa yenyewe imelowa."

Nilikasirika. Nilisema watu watasema ameniacha. Nilisema mwanamke mzima harudi kwao kama msichana aliyegombana na mumewe. Nilimchelewesha msimu mmoja mzima kwa maneno hayo. Msimu uliofuata hakuniuliza. Alifunga nguo zake, akaacha koti lake zito msumarini nyuma ya mlango, akashuka na dada yake.

Nilistaafu mwaka huo. Nilikuwa nikishuka Embu, kisha naendelea chini kuelekea bwawa la Kiambere, kwenda kumwona. Kule joto linakupokea kama mkono usoni. Nilimkuta amenenepa mashavu. Alikuwa akipika nje, chini ya mbingu tupu, ndengu kwenye sufuria, kuni za mgunga zisizo na moshi wa kuonekana. Aliniona nikimtazama, akainama kwenye makaa, akapuliza, pumzi moja ndefu, taratibu, mpaka mwali ukasimama.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona."

"Nimeimba Jumapili. Sauti ya pili, lakini nimeimba."

Dada yake alicheka kando. "Ameimba mpaka mchungaji akasahau mahubiri. Shemeji, huyu mlimficha huko kwenye mawingu."

Hapo ningesimama. Hadithi ya mtu mwenye akili ingeishia hapo, na mimi nikishuka kila mwezi kula ndengu zake. Lakini nyumba yangu ilikuwa imepoa. Nilikuwa nakula chakula cha jana. Majirani waliniuliza habari zake kwa sauti ya kuuliza kitu kingine. Mara ya tatu au ya nne nilipomtembelea nilimwambia arudi.

Aliendelea kupepeta mtama. "Gesi iko?"

"Iko. Ya kila kitu, hata githeri."

"Na mpira?"

"Hakuna."

Nilisema hivyo nikijua gunia liko kibandani. Sikuwa nalitumia. Nilikuwa nimelisahau nusu, na ile nusu niliyoikumbuka niliona haina haja ya kutajwa. Mdogo wake alimtazama tu, naye mke wangu akasema, "Nitakwenda nione mahindi yangu," kama mtu anayekwenda ng'ambo ya barabara.

Alirudi kiangazi, na kiangazi kilikuwa chema. Kisha mvua. Ukungu ulishuka ukakaa kwenye paa, akaanza kukohoa tena, akalala mchana. Nilikuwa nampikia mimi. Siku moja jioni, kukiwa bado na mwanga, mtungi wa gesi uliisha maji ya kuoga yakiwa bado baridi. Pikipiki hazikuwa zikipita kwa matope. Nikaingia jikoni, nikapanga kuni, nikapuliza. Nina kifua kizima mimi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota, na kuni zikatoa moshi mweupe tu. Nikaenda kibandani, nikatoa kipande kimoja. Nilijiambia ni kimoja, na mlango wa jikoni umefungwa.

Maji yalipata moto. Nilipokuwa nayaipua nilisikia kikohozi chake ndani ya nyumba, kikohozi kirefu, halafu sauti yake kupitia ukuta wa mbao, ndogo lakini safi.

"Si ulisema hakuna?"

Nilimpelekea maji, nikamwosha miguu. Hakuuliza tena, na aliniacha nimwoshe.

Alifariki wiki ileile, hospitalini, kabla mvua hazijakatika. Daktari, mwingine, si yule, alisema ni kifua cha zamani na baridi ya msimu. Inawezekana. Sikumsimulia kuhusu kile kipande kimoja, maana hakukuwa tena na mtu wa kusaidiwa na kusimulia kwangu.

Siku ya mazishi wanawake wa jirani walifika mapema kupika. Mafiga yalipangwa uani, turubai likafungwa juu, na mvua ikanyesha pembeni. Nilikuwa nimekaa sebuleni na wazee nilipoisikia harufu ile. Niliinuka bila kuaga. Uani, chini ya sufuria kubwa ya kwanza, moto wa chungwa ulikuwa umepanda, na moshi mweusi ulikuwa unatambaa chini ya turubai kuelekea mlango wa nyumba, ambako jeneza lilikuwa. Kando ya mafiga lilikuwa gunia langu, limefunguliwa.

"Utoeni," nilisema.

Jirani mmoja, ambaye alikuwa akija na kisahani miaka ile, alinitazama kwa huruma. "Mzee, kuni zimelowa zote. Watu watakula saa ngapi?"

"Watangoja."

"Ni mpira wako wewe mwenyewe."

"Ni wangu. Utoeni."

Nilichukua koleo nikavitoa vipande kimoja kimoja, vikiwaka, nikavitupa kwenye tope, na hata kwenye tope viliendelea kuwaka. Moto chini ya sufuria ukafa. Wanawake walisimama na vibao vyao vya kupepea, hawajui wafanye nini na mimi.

Ndipo shemeji yangu alipopita kati yao. Alikuwa amefika kutoka Kiambere asubuhi hiyo na ndugu zao, nami nilikuwa nimeona wakishusha mzigo mrefu uliofungwa kwa karatasi ya nailoni, nikadhani ni mkeka au nguo. Alikata kamba. Ndani yake zilikuwa kuni za mgunga, kavu, nyepesi, bado zina vumbi jekundu la kwao.

"Aliniambia zamani," alisema, akizipanga chini ya sufuria, bila kunitazama. "Alisema, siku utakapokuja kwangu kwa jambo kubwa, usije na sukari. Njoo na kuni. Za huku ni za kunywa."

Aliwasha kijiti kimoja cha kibiriti. Akageukia kazi nyingine.

Gunia nililichukua. Mpira hauozi, ardhi haiuli, na kuuchoma siwezi. Liko kibandani hadi leo. Kuni zilizobaki, shemeji aliniachia. Ilikuwa mikono miwili tu ya kuni. Niliziweka ndani, chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala, mahali pakavu kuliko pote katika nyumba hii. Sikutaka kuzitumia.

Juzi niliinama nikazigusa. Zimekuwa nzito. Nilibonyeza mmoja kwa ukucha, ukaacha alama. Nilikaa sakafuni na ule ukuni mkononi nikafikiri kwamba hata hizi nimezishika mpaka zikawa kama zetu, na kama nikiendelea kuzitunza hivi zitaota kuvu kama matairi ya karakana.

Nikazitoa zote uani, chini ya mbingu, mbali na nyumba. Nilizipanga katikati ya mawe matatu na kuteleka sufuria ndogo ya chai. Kijiti cha kwanza cha kibiriti hakikutosha, wala cha pili. Nikapiga magoti, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi tena, nikapuliza. Nilipumzika, nikapuliza. Jirani alipita njiani akasimama.

"Mzee, gesi imeisha?"

"Iko."

"Sasa?"

"Pita tu," nilimwambia, na nikainama tena kwenye kuni.